Milango Nyeupe ya Yaya Colombe

Siku ya kwanza ya juma, jumatatu, 9 oktoba 2000

Kaye hii ya kuandikia nimepewa na Virginie, binti wa Colombe, yaya yangu, dada yangu mukubwa. Virginie anafanya kazi kwa biro, ofisi ya diosezi, na kupiga mashini ya kuandika kwa vidole kumi bila kuangalia. Aliniambia mimi mujomba wake: "Tonton Bulonza, andika hadithi zako humu, ili zisiongezeke kila jioni." Watoto wa siku hizi! Hadithi zangu hazijaongezeka hata kidogo. Ni dunia ndiyo inapunguka.

Tangu shemeji yangu alipokufa ninakaa na Yaya hapa Nguba, ndani ya nyumba ya zamani ya Wabelji, chini karibu na ziwa. Siku ya posho iliyopita, jumamosi, komanda mumoja alikuja na askari wake. Alitembea chumba kwa chumba na buti zake. Alifungua robine ya maji, akafunga. Alipiga ukuta kwa ngumi kama mwanamuke anayechagua malenge sokoni. Halafu akasema: "Nyumba iko muzuri. Mbele ya Noeli nitaleta bibi yangu." Hakuuliza bei. Ndivyo nyumba zinavyochukuliwa sasa Bukavu: wanaanza kwa kuzisifu.

Lakini Virginie ana akili. Kuna Mubelji, Madame Anne-Marie, wa shirika linalogawa maziwa ya watoto. Anatafuta vyumba viwili. Na nyumba yenye bendera ya shirika kama hilo, askari wanaipita wakiangalia upande mwingine. Leo Madame alikuja. Alipenda dirisha, alipenda ziwa. Alipofika salle de bain, chumba cha kuogea, akasimama. Mule kuna kabati za mbao zilizojaa ukuta muzima, milango kumi na miwili, mikubwa na midogo, na rangi yake inatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Madame akasema kwa adabu: mukizipaka rangi nyeupe, tarehe moja novemba ninaingia.

Yaya akaniangalia. Nikasema: "Siku tatu."

Mimi ndiye niliyepaka droo za vipepeo kule Lwiro, kwa wazungu wa masayansi. Nilizipaka vizuri mpaka kipepeo kimoja, kilichokufa wakati wa Wabelji na sindano ikiwa kifuani, kikafungua mabawa. Asiyeamini aulize mwenzangu Placide. Alikuwepo, alinishikia ndoo.

Siku ya pili, 10 oktoba

Kusugua rangi ya zamani. Mukono unauma.

Siku ya ine, 12 oktoba

Leo nimeona kitu. Niandike polepole.

Chini ya rangi ya kijani kuna ya bluu. Chini ya bluu kuna rangi ya maziwa. Kila mwenye nyumba alipaka ya kwake juu ya ya mwenzake. Nilipokwangua ile ya mwisho kwa kisu, mbao ikatokea. Libuyu! Muti wa pori letu wenyewe, mwekundu wa kahawia, na mistari ya dhahabu inayokimbia kama maji nyuma ya pirogi ya muvuvi ziwani. Nikapitisha kitambaa chenye mafuta. Mama yangu! Ile mistari ilitembea. Ukisogeza kichwa, nayo inasogea. Miaka yote hii tunanawa uso mbele ya kitu hiki na hakuna aliyejua.

Nilikaa pale juu ya ukingo wa baignoire ya kuogea, mpaka Yaya akaja kuona kama nimelala.

"Yaya, angalia. Tusipake. Tutie mafuta tu, tuache hivi."

"Madame alisema nyeupe."

"Madame hajaona hii."

Yaya aliangalia. Nilimuona akiangalia. Aliweka kiganja chake juu ya mbao, akakiacha kidogo, akakitoa.

"Bulonza, miye naokoa nyumba, siokoi muti. Paka."

Siku ya posho, 14 oktoba

Nimekwenda soko la Nyawera kununua rangi. Muuzaji anaitwa Anaclet, anaiuza ndani ya mikebe ya maziwa. Nikamuuliza: "Inakauka?" Akajibu: "Tonton, hii rangi ikingali kwenye burashi imeshakauka!" Nilimupenda mara moja, anasema kama mimi. Pale ndipo ningepaswa kuogopa.

Siku ya pili, 17 oktoba

Nimemaliza kukwangua mpaka kwenye mbao, nimepaka milango yote. Inang'aa kama meno ya askofu. Kesho itakuwa imekauka.

Siku ya tatu, 18 oktoba

Haijakauka.

Siku ya ine, 19 oktoba

Haijakauka. Mvula.

Siku ya posho, 21 oktoba

Mvula inashuka toka mulima Kahuzi, inavuka juu ya muji, inaingia ziwani, halafu kesho ziwa linairudisha kama ukungu. Salle de bain inatoa jasho. Umeme umekatika tena. Wanasema ni mashini za umeme za Ruzizi, kule Mumosho. Wangeniita! Mwaka mumoja niliuzuia muto Ruzizi kwa mugongo wangu toka saa sita mpaka saa tisa, fundi akibadilisha bomba. Placide ni shahidi.

Nimefungua bawaba za milango yote, nimeitoa mpaka kwenye baraza. Jua likichungulia ninaipeleka uani. Tone la kwanza likianguka ninaikimbiza ndani. Yaya anasema ninachunga milango kama mbuzi.

Leo kuku wa Maman Emérence alipita juu ya mulango mumoja. Huyu Maman Emérence ni jirani wa ng'ambo ya barabara, anauza makala, makaa ya kupikia, na mudomo wake ni mukali kuliko shoka. Alisimama kwenye uzio akapiga kelele:

"Bulonza! Kuku wangu amevaa soksi nyeupe! Umemupa ubatizo?"

"Mwambie asikanyage kazi ya fundi!"

"Fundi gani? Hata mvula inakucheka."

Siku ya pili, 24 oktoba

Mvula. Rangi ikiguswa inaacha alama ya kidole. Vidole vyote ni vyangu.

Siku ya posho, 28 oktoba

Risasi kwenye vilima, toka alfajiri mpaka watu walipokwenda soko. Kisha kimya. Kisha mvula.

Siku ya kwanza, 30 oktoba

Virginie amerudi toka kazini na viatu mukononi, matope mpaka magotini. Hakusalimia.

"Wamevuka," alisema. "Wazungu wote. Daraja la Ruzizi, kule mupakani, asubuhi, na magari na bendera zao. Madame Anne-Marie amelia, anaomba musamaha. Hajui kama atarudi."

Yaya alichukua mufagio, akafagia mahali palipokuwa safi.

Siku ya ine, 2 novemba

Siku ya wafu. Watu wote wamekwenda kupalilia makaburi, nasi tulipalilia la shemeji. Kurudi nikamukuta Maman Emérence ameketi mbele ya makala yake, jembe pembeni. Nikataka kumuchokoza: "Maman, leo weye ni muvivu?" Akasema: "Miye naenda kupalilia wapi?" Sikuelewa. Nilikwenda kula.

Siku ya posho, 4 novemba

Askari wa komanda alikuja na kamba kupima madirisha. Ni kwa mapazia ya bibi, alisema. Alimuomba Yaya kiti cha kusimamia. Yaya akampa kiti.

Alipoondoka nilichukua burashi, nikaanza kupaka milango mara ya pili. Usiniulize kwa nani. Mukono wenye kazi unaogopa kidogo kuliko mukono mutupu.

Siku ya pili, 7 novemba

Haya ninayoandika leo sitayaongeza. Yakiongezwa yatapasuka.

Asubuhi kulikuwa na jua. Jua la kweli, lile la kuanika mihogo. Nilitoa milango yote kumi na miwili nikaipanga kwenye ukuta wa uani, upande unaoonekana toka barabarani, kwa sababu pale ndipo jua linafika kwanza. Nikakaa kando yake na nyundo, ninanyoosha bawaba zilizopinda juu ya jiwe. Yaya alikuwa ndani anafunga sahani zake ndani ya vikapu, tayari kwa kufukuzwa. Alichoka. Alitoka akaketi chini kwenye mulango, miguu imenyooshwa, kitambaa kimeanguka toka kichwani, na akaanza kulia. Toka siku ya komanda hakuwa amelia. Sikuinua kichwa. Dada mukubwa akilia, mudogo wake anaangalia nyundo.

Sasa wewe uliye barabarani, unaona nini? Mbao fupi, nyeupe, mpya, zimepangwa ukutani. Mwanaume anapiga nyundo kimya. Mwanamuke chini, kichwa wazi. Miaka hii ya vita hakuna mutu wa Bukavu asiyejua mbao fupi nyeupe. Ni sanduku za kuzikia watoto.

Na kwetu kilio hakiulizwi mulangoni. Anayesimama mulangoni kuuliza "nani amekufa?" huyo ni mugeni, au ni polisi. Wewe unaingia, unatupa kilio chako, unaketi chini na wenyewe. Nyuma ndipo unauliza.

Wa kwanza alikuwa Maman Emérence. Aliacha kapu la makala likamwagika barabarani, akaweka mikono kichwani, akaingia: "Woyi! Woyi Colombe! Woyi Mungu, batoto tena!" Yaya kuona jirani analia hivyo, akafikiri ni Emérence aliyefiwa. Alisimama akamukumbatia, akalia zaidi. Emérence kuona Yaya analia zaidi, naye akaongeza. Mimi nikafikiri: maskini Maman Emérence, amepatwa, na amekuja kwetu. Nikaweka nyundo chini nikalia pia. Na mimi nikilia, ninalia kwa sauti ya wanaume sita.

Basi! Waliokuwa wanapita waliingia. Walioingia waliitwa na wenzao. Mwanamuke mumoja alileta mukeka, mwingine kuni, mwingine sufuria ya maharagi ikingali moto. Katekista Jean-Baptiste alikuja na rozari, akapanga wanaume upande huu na wanawake upande ule. Uani hapakuwa na nafasi ya kuweka muguu. Watu waliimba kwa Mashi na kwa Kiswahili, na kila aliyeingia aliangalia ile milango kumi na miwili, akapiga kelele upya.

Nyuma ya kumaliza rozari Jean-Baptiste akainama karibu na sikio langu.

"Bulonza, pole sana. Ni ugonjwa ao ni risasi? Nimehesabu sanduku kumi na mbili."

"Sanduku gani?"

"Zile."

Niliangalia ukuta. Niliangalia watu. Mutu mwenye maneno kama mimi anaweza kupata jibu la kila namna; mara hii nilichukua la kweli. Nikasema:

"Katekista, ni milango ya kabati. Ya salle de bain."

Alisimama wima. Akaniomba nirudie kwa sauti. Nikarudia. Mama mumoja alibaki mudomo wazi katikati ya wimbo. Maman Emérence akasimama, akakaribia ukuta, akanusa, akagusa mulango kwa kidole. Kidole kikatoka cheupe.

"Bulonza. Nimelia kabati?"

"Ndiyo, maman."

"Makala yangu iko barabarani, gari inakanyaga, sababu ya kabati?"

"Ndiyo, maman."

"Na weye ulilia nini, muzee muzima na ndevu?"

"Nilifikiri ni weye umefiwa."

Kwanza alicheka Virginie, aliyekuwa amefika mbio toka biro. Halafu wote. Jean-Baptiste alicheka mpaka akavua miwani. Yaya Colombe alicheka! Watu walishikana mabega. Sijaona kicheko kama kile toka vita ilipoanza, kilikuwa kinatoka chini kabisa, kilikuwa kinauma.

Kikaisha. Watu wakaanza kupangusa nguo, wakatafuta viatu vyao. Maman Emérence hakutafuta viatu. Alirudi mahali pake kwenye mukeka, akaketi.

"Muende," alisema. "Miye nimeshakaa chini, nabakia. Chrispin wangu alikufa Shabunda mwaka jana, huko alikuwa mwalimu. Barabara imefungwa. Sikuona mwili, sikuona nguo, mutu tu alipita akaniambia na akaendelea na safari yake. Nililie wapi? Na nani? Asubuhi nililazimika kuuza makala. Leo niko chini tayari. Colombe, unikopeshe uani yako."

Yaya akasema: "Si kukopa. Kaa."

Mama wa maharagi akasema pole pole: "Na miye, bwana yangu. Kule Mwenga." Akaketi. Mwanaume mumoja ambaye simujui hakusema jina, aliketi tu, akafunika uso kwa kofia. Wakaketi mumoja mumoja, kama mvula inavyoanza. Hakuna aliyetoka. Na kilio kilichoanza pale, yule Mungu aliyeumba maji na moto ni shahidi, hakikufanana na kile cha kwanza hata kidogo. Cha kwanza kilikuwa kelele. Hiki kilikuwa kizito, kilitembea chini chini kwenye udongo, nilikisikia kwenye nyayo.

Niliwahi kusimulia mambo makubwa. Leo nilikuwa mudogo.

Siku ya tatu, 8 novemba

Walilala hapa. Na muchana, mbele ya saa saba, camion, lori la komanda, ikasimama kwenye mulango. Juu yake kitanda, friji na viti vyekundu. Hakungoja Noeli. Kwa kuwa Wazungu wameondoka, kila mukubwa anakimbilia nyumba anayoitamani.

Komanda alishuka. Aliona watu wameenea toka mulango mpaka ukuta wa ziwa. Hakuna aliyesimama kumusalimia. Kilio hakisimamii mutu. Mimi peke yangu nilikuwa wima na nyundo. Sikutetemeka. Ni nyundo ndiyo ilitetemeka.

"Nani alikufa?" aliuliza toka mulangoni.

Maman Emérence, bila kugeuka: "Chrispin."

Mama wa maharagi: "Nathanaël."

Yule mwanaume wa kofia: "Chancelle na mama yake."

Na sauti nyingine, na nyingine, toka kila upande, wengine wakisema majina mawili, matatu. Komanda alikuwa anageuza kichwa kufuata kila jina, kama mutu anayetupiwa mawe madogo. Nilifikiri watamaliza. Hawakumaliza upesi.

"Mwili iko wapi?" aliuliza.

Katekista Jean-Baptiste akajibu kwa upole: "Hiyo ndiyo tunalilia, mon commandant. Hakuna mwili."

Komanda aliangalia ile milango nyeupe ukutani. Alivua kofia, akaivaa tena haraka, kama amekosea.

"Kilio kikiisha, nitarudi."

"Kikiisha, mon commandant," nikasema. Ndiyo neno pekee nililosema, na lilitoka vizuri.

Camion ikageuka na friji yake.

Siku ya ine, 9 novemba

Desturi inasema siku tatu, halafu kilio kinaondolewa. Lakini watu wa Nguba wamekaa chini wameongea. Vilio vingapi viko hapa? Kila jina lina haki ya siku zake. Zikipangwa moja nyuma ya nyingine, hesabu ni ndefu. Jean-Baptiste alisema kanisa halikatazi.

Jioni, jua likingalipo, Maman Emérence akaniita kwenye ukuta.

"Weye unajua kuandika. Chrispin hana musalaba. Muandike hapa."

"Maman, hii ni kabati."

"Nililia nikifikiri ni sanduku. Sasa iwe."

Nilimuangalia Yaya. Ni milango yake. Yaya akainamisha kichwa: andika. Rangi ya Anaclet, asante kwa uongo wake, ilikuwa ingali laini kama siagi. Nilichukua musumari nikachora polepole, C, H, R. Kila herufi iliondoa nyeupe, na chini ikatokea libuyu, nyekundu na dhahabu. Jina likasimama pale kama kwamba lilikuwa ndani ya muti toka mwanzo, na mimi nimelifungulia mulango tu. Maman Emérence hajui kusoma. Alifuata herufi kwa kidole, moja moja, mbele na nyuma.

Nyuma yake watu walijipanga.

Siku ya pili, 14 novemba

Wamekuja wa Kadutu. Kesho ni watu wa Mumosho. Wanaleta sombe ya majani ya mihogo, ndizi, kuni. Yaya hajapika toka siku ya posho. Virginie anatoka biro anaingia moja kwa moja kukata vitunguu. Mvula ikianza, watu wanaingia baraza na milango, wakikumbatia ile milango kama watoto wanaolala. Leo hakuna aliyesema ninachunga mbuzi.

Siku ya kwanza, 20 novemba

Askari wa kamba amerudi kuuliza kama kilio kimekwisha.

"Bado," Yaya alimwambia. "Leo ni zamu ya wa Kaziba. Kunywa chai."

Alikunywa chai.

Siku ya tano, 24 novemba

Milango tisa imejaa. Muchana wa leo uani palikuwa pametulia, ndipo Maman Emérence akaniuliza:

"Na weye Bulonza? Unaandikia kila mutu. Weye huna mutu?"

Nikamwambia mimi sina, mimi nina bahati, kifo kinaniogopa toka siku nilipokipiga kofi kule Walungu. Hakucheka. Alingoja.

Nikachukua musumari. Placide alikwenda Mwenga kutafuta dhahabu, mwaka wa tisini na nane, mwezi wa nane, vita ilipoanza. Alisema wiki mbili. Sijamuandika humu kama mufu kwa sababu sikuwa nimemuambia mutu, na nikisema "uliza Placide" anakuwa kama yuko hapo nje anakojoa, anarudi sasa hivi. Nani atamuuliza juu ya kipepeo? Nani atashuhudia Ruzizi?

Nilimuandika upande wa ndani wa mulango wa tatu, ambapo mutu anaona tu akifungua. Alipenda kukaa ndani, yule.

Siku ya tatu, 29 novemba

Barua ya komanda, na muhuri. Siku ya posho kilio kiishe. Siku ya yenga, jumapili, anaingia na bibi yake. Ni amri.

Jean-Baptiste alisema: "Tumeomba Mungu. Hatukumuomba bunduki." Yaya alianza tena kufunga sahani.

Siku ya posho, 2 desemba

Tumeondoa kilio, na tumekiondoa kama inavyopaswa. Maji yalichemshwa kwenye mapipa. Desturi ni kunawa, ili mutu asirudi kwake na kilio mwilini. Na wapi pa kunawa, kama si salle de bain? Asubuhi nilikuwa nimerudisha milango yote mahali pake, kila mumoja na bawaba zake. Nilifikiri: kama nyumba inakwenda, iende nzima.

Waliingia watano watano. Nilisimama kwenye kizingiti na ndoo. Ukuta muzima ulikuwa mweupe na majina yanawaka juu yake, kwa sababu dirisha linaangalia ziwa na maji yanatuma mwanga ndani, na mwanga unatetemeka, na majina yanatetemeka nao. Watu waliinama wakanawa uso, wakainua kichwa, wakakutana na mutu wao. Mama mumoja akasema: "Ah, uko hapa." Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mutu anayemupata mutoto wake kwa jirani.

Niliwapa taulo.

Siku ya yenga, 3 desemba

Camion ilikuja nyuma ya misa kwisha. Yaya na Virginie walikuwa wameketi juu ya vikapu vyao kwenye baraza. Maman Emérence alisimama barabarani, mikono kiunoni, na Jean-Baptiste na wengine nyuma yake.

Komanda alishuka na bibi yake. Mwanamuke mwembamba, kijana, anaitwa Emmanuella, simujui kabila. Alimusalimia Yaya kwa mikono miwili. Akasema barabara ilikuwa na matope, anaomba mahali pa kunawa. Yaya akamuonyesha.

Aliingia. Alifunga mulango. Tulisikia maji ya ndoo, kidogo. Halafu hatukusikia kitu.

Komanda alipanga askari wake kushusha kitanda. Kitanda kilikuwa nusu njiani, kwenye mabega ya watu, bibi alipotoka. Uso ulikuwa na maji, hakuwa amepangusa. Alikuja kwangu, si kwa bwana yake.

"Papa, ni weye uliandika?"

"Ni miye, maman."

"Iko nafasi ingine?"

"Iko. Mulango wa mwisho, chini."

"Andika Delphin. Ni kaka yangu. Alikuwa askari, na yeye. Hawakutuambia ni wapi."

Nilikwenda na musumari wangu, yeye nyuma yangu. Rangi ilikuwa imeanza kuwa ngumu, nilisukuma kwa nguvu. Delphin akatoka. Bibi alipiga magoti kwenye sakafu ya sima, akaweka kiganja chake juu ya jina, kama Yaya alivyofanya kwenye mbao siku ile. Kisha akasimama, akapita katikati yetu sote, akapanda camion, akaketi mbele.

Komanda akamufuata. "Shuka! Unafanya nini? Vitu vinashushwa!"

"Siingii mule."

"Nyumba iko muzuri! Wewe mwenyewe ulisema unataka ziwa!"

"Na nitaoga wapi?" Hakupandisha sauti. "Unataka nivue nguo mbele ya kaka yangu? Mbele ya watu wote wale?"

"Tutapaka rangi! Leo hii tutapaka juu!"

Ndipo bibi alipomuangalia. Nimeona chui akimuangalia mutu, kule Lwiro, karibu hivi. Chui alikuwa mupole kuliko yule mwanamuke.

"Paka," alimwambia. "Upake Delphin. Miye niko naangalia."

Komanda alisimama na mukono juu ya mulango wa camion. Aliangalia nyumba. Aliangalia askari wake, na wao walikuwa wanaangalia chini, na kitanda juu ya mabega yao. Aliangalia barabara iliyojaa watu. Sijui alihesabu nini kichwani mwake. Hatimaye alitikisa kidole kuonyesha camion, na kitanda kikarudi kilikotoka.

Hatukupiga makofi. Camion ilipopinda kona, Maman Emérence akaketi pale pale barabarani, na Yaya Colombe akaacha vikapu vyake, akatoka, akaketi kando yake.

Siku ya yenga, 10 desemba

Hakurudi. Wanasema amepata nyumba upande wa Muhumba.

Yaya ametoa sahani kwenye vikapu. Mvula kila siku, lakini rangi imekauka.

Jana nilimuona Yaya anakwenda kuoga, taulo begani, sabuni mukononi. Alifika kwenye mulango wa salle de bain, akasimama, akagonga mara mbili. "Hodi," alisema. Alingoja kidogo, akaingia. Virginie vilevile. Watu wa jirani wanaokuja kunawa vilevile, na hakuna aliyewafundisha.

Leo asubuhi nilikwenda nami. Nilivua kofia. Nikagonga.